Mchicha wa Bwana Shekue

Mama mkwe wa Mwanasiti alipohamia kwake, alitangaza kwamba yeye haweki mdomoni mboga iliyopuliziwa dawa. Mtaani duka la mboga zisizo na dawa lilikuwa moja tu, la Bwana Shekue, na fungu la mchicha pale lilikaribia bei ya nyama.

"Nipunguzie, Bwana Shekue. Nyumba yangu ina walaji wengi."

"Hapa hatupunguzi, mama. Bei ya sokoni iko sokoni."

Mwanasiti hakuondoka. Alingoja mpaka duka likajaa wake wa wakubwa, kisha akainua fungu la mchicha na kuligeuzageuza.

"Mbona hauna hata tundu? Wadudu wa shambani kwako wamefunga?"

Mama mmoja akarudisha fungu lake mezani.

"Wadudu wanakula!" alisema Bwana Shekue. "Uliotoboka tunawapa sungura!"

Akakimbilia uani, akarudi na kapu la mchicha uliotobolewa na viwavi. Wale wanawake waliugombania kwa bei ileile mpaka kapu likawa tupu.

Jioni mchicha usio na matundu ulikuwa bado mezani, umeanza kunyauka. Mwanasiti akaingia na kikapu.

"Nitauchukua wote kwa bei ya sokoni."

Bwana Shekue alimpakilia haraka, kisha akasita.

"Lakini si wewe uliyesema huu una dawa?"

"Una dawa?"

"Hauna! Wote umetoka bustani moja."

"Najua. Mimi niliuliza tu," alisema Mwanasiti, akajitwika kikapu. "Na kuuliza si ujinga."