Makofi Mawili Aliyoyaacha Nyani

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje mwenzio apate pa kukaa. Wewe unayetafuna, meza. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi amalize, maana nikianza sitaki kusikia hata kwikwi. Bado namsikia mtu anacheka huko nyuma. Haya, kimya.

Nikisema fundo, mniitikie kaza.

Fundo!

Kaza!

Fundo!

Kaza!

Mmekaza vizuri. Basi hapo zamani, katika bonde lenye matete mengi, wanyama wadogo walilima mtama. Mwaka huo mtama uliitika, ukainamisha vichwa kwa uzito. Wakavuna, wakapura, wakapepeta. Lakini masika yalikuwa yananukia kule nyuma ya vilima, na mtama ukinyeshewa huota, ukiota hauliki, na usipolika nani atawanyamazisha watoto? Kila nyumba ilitaka kihenge, kile chombo kikubwa cha matete cha kuhifadhia nafaka.

Fundi wa vihenge alikuwa mmoja tu, ndege Mnana, aliyekaa juu kabisa ya mti mrefu wa mvumo. Mnana hakuwa mchoyo. Ufundi wake wote aliutia kwenye wimbo, kila mstari na kofi lake, akautangaza kutoka juu: "Wimbo huu ni wa wote! Chukua bure, suka, mpe na mwenzio. Ukiona pamekosewa, niambie nirekebishe!"

Mngedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Chini ya mvumo alikuwa amekaa Nyani. Dume la nyani, kifua hivi, mabega hivi, na tumbo ndiyo usiseme.

"Ndugu zangu, msijichoshe kupiga kelele," Nyani akawaambia. "Mnana yuko mbali, na upepo unakula maneno. Mimi nitapanda, niwashushie huo wimbo. Bure kabisa! Nina neno moja tu, hata si sharti, ni utani: mtama utakaoanguka chini uwe wangu."

"Mtama gani utaanguka, Mzee?"

"Labda punje mbili tatu. Za kuchezea."

Wakacheka, wakakubali. Nyani akapanda paru, paru, paru. Akashuka paru, paru, paru. Akawaimbia:

Mbili juu, moja chini, pa!
Vuta, kaza, zunguka, pa!
Moja juu, mbili chini, pa!
Vuta, kaza, zunguka, pa!
Pinda kona, inua, pa!
Ruka tatu, rudi moja, pa!
Vuta, kaza, zunguka, pa!
Kunja ncha, funga, pa!

Miongoni mwao alikuwamo Sange. Mnamjua Sange? Kinyama kidogo kama panya, ila pua yake ndefu, haitulii, inachezacheza kama mtu anayetafuta neno alilolisahau. Sange alikuwa na watoto wanne na mafungu manne ya mtama, fungu moja kwa kila mtoto, la kumfikisha mavuno mengine. La tano halikuwepo.

Sange akasuka kama alivyoimbiwa. Akamimina mtama. Akajifuta jasho.

Churu-churu-churu.

Akatazama chini. Mtama unachuruzika kitakoni kama maji. Kabla hajauinamia, Nyani huyo, na mfuko begani.

"Mama Sange, hujambo? Kilichoanguka chini ni cha nani?"

"Ni chako, Mzee."

Akauzoa wote, akaenda zake.

Sange akajilaumu. Akasema, mikono yangu mifupi, labda nimelegeza. Akafumua, akasuka upya, akakaza mpaka vidole vikauma. Akamimina.

Churu-churu-churu.

"Mama Sange! Kilichoanguka chini ni cha nani?"

"Ni chako, Mzee."

Mara hizo mbili zilimmalizia fungu zima, yakabaki mafungu matatu. Mtoto mdogo akauliza, "Mama, lililokwenda lilikuwa la nani kati yetu?" Ninyi mngemjibu nini?

Mwingine angeketi alie. Sange aliketi, lakini pua ikawa inacheza. Akajisemea: wimbo huu mrefu, siwezi kuushuku wote kwa pamoja. Nitaukata.

Akasuka kikapu kidogo kwa mistari minne ya kwanza tu. Akatia mchanga laini. Akasubiri. Kimya. Hata chembe haikutoka.

Akasuka kingine kwa mistari minne ya mwisho. Akatia mchanga.

Churu-churu-churu.

"Ahaa," akasema Sange. "Mdudu yuko upande huu."

Ile minne akaikata tena, miwili huku, miwili huku. Pinda kona na ruka tatu, kikavuja. Vuta kaza na kunja ncha, kikatulia. Akabaki na mistari miwili mikononi. Akausuka wa kona peke yake: kimya. Akausuka ule mwingine, ruka tatu, rudi moja.

Churu!

Ukibonyeza pale unaona tundu, jicho la wazi linakutazama. Akaruka mbili badala ya tatu. Jicho likafumba. Akamwaga mchanga, akamwaga tena, akakitikisa kikapu kwa hasira zote alizokuwa nazo. Kimya.

Oooh! Sange alilala chali, miguu juu, akapumua kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Kumbe haikuwa mikono yake!

Lakini pua haikutulia. Akaenda kwa jirani yake Pimbi.

"Kihenge chako kinavuja wapi, baba?"

"Changu? Changu hakivuji," akasema Pimbi, huku ameziba tundu kwa kalio lake. "Kinapumua tu."

"Inuka basi nione kinavyopumulia."

Pimbi akainuka kwa aibu. Churu-churu. Pale pale, kwenye ruka tatu. Akaenda kwa Kanga. Pale pale, kwenye ruka tatu.

Sange akarudi anawaza. Upepo ukiharibu wimbo, kwangu ungeharibu mwanzo, kwa Pimbi katikati, kwa Kanga mwisho. Upepo hauna macho ya kuchagua mstari mmoja kwa watu watatu. Tena upepo ukila mstari hula na kofi lake, na makofi yetu sote ni manane kamili. Huyu aliyefanya hivi ana vidole. Na ana mfuko.

Fundo!

Kaza!

Nyani alipotoka kwenda kuzoa, "kilichoanguka chini ni cha nani," nyumba hadi nyumba, Sange akachapuka mbio mpaka chini ya mvumo. Akaita, "Dada Mnanaaa!"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Sange! Hivi ni ruka tatu au ruka mbili?"

"Tatu? Tatu aliisema nani? Ukiruka tatu si kihenge kitavuja kama chujio la tui!" Mnana akashikwa na hasira, manyoya yakamsimama. "Nisikilize mimi mwenyewe. Makofi manane. Ukipata pungufu, kitu kimeanguka njiani, usikisuke, niombe tena."

Akaimba. Upepo ukaja, vuuuu! Sange akahesabu: saba.

"Dada, saba! Nirudie."

Akaimba. Vuuuu! Sange akahesabu: sita.

"Dada, sita! Niwie radhi, nirudie."

"Mimi ninao mdomo, na wewe una masikio. Mpaka utimie." Akaimba tena, safari hii akisubiri upepo upite kwanza. Pa, pa, pa, pa, pa, pa, pa, pa.

"Manane!" Sange akarukaruka. "Na ruka ni mbili!"

"Basi kwa kuniambia palipoharibika," akasema Mnana, "nakuongezea wimbo mwingine, wa kihenge kikubwa kupita vyote, kinachoingia mali ya bonde zima. Ukikisukuma kwa ndani ndivyo kinavyozidi kukaza. Huo una makofi kumi. Kumi, Sange, usisahau."

Jioni ile vihenge vya bonde zima vilifumuliwa, vikasukwa upya. Kanga alimwimbia bata, Pimbi akamwimbia shemeji yake, na kila aliyepokea aliambiwa: piga makofi kwanza tuhesabu. Asubuhi wakamimina mtama, wakakaa wanasikiliza.

Kimya.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya kitamu. Watu wazima walikuwa wanatazamana wanacheka bila sababu.

Nyani akaja na mfuko. "Kilichoanguka chini ni cha nani?"

"Ni chako, Mzee," wakamwitikia wote. "Okota."

Akatazama chini. Akainua jani. Akapuliza vumbi. Hakuna hata punje. Macho yakamwiva, akaukamata mwimo wa mlango wa Sange, akautikisa nyumba nzima ikalia.

"Nani ameuchezea wimbo wangu? Sikilizeni! Jua likifika utosini nakuja kuvipiga teke vihenge vyote, kimoja kimoja. Vikipasuka mtama utaanguka chini. Na ukianguka chini, mnajua ni wa nani!"

Kule vilimani mbingu ikanguruma. Pimbi akakimbilia chini ya kitanda. Kanga akaanza kuaga watoto. Sange moyo ulimdunda du, du, du, kwa kuwa kihenge cha kwanza njiani kilikuwa chake, na ndani mlikuwa na yale mafungu matatu. Lakini alitoka nje, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Nini?"

"Nakuonea huruma. Mtu mkubwa kama wewe upige mateke vihenge ishirini, mguu si utavimba? Na ile mali uliyokwisha kuizoa, mvua hii inakuja, umeihifadhi wapi?"

Nyani akaitazama mbingu. Hilo hakuwa amelifikiria. Mifuko yake yote ilikuwa nje.

"Kuna kihenge kikubwa," Sange akaendelea, "mali ya bonde zima inaenea. Mwenyewe unakisuka ukiwa ndani, umekalia mali yako, hakuna wa kuigusa. Ukimaliza hicho, vyetu utavimimina humo polepole, bila haraka."

"Niimbie!"

"Ni wimbo mrefu kidogo, Mzee. Makofi kumi."

"Niimbie, wewe kipua!"

Sange akaimba. "Ingia ndani, kalia mali, pa! Mbili juu, moja chini, pa!" Akaimba la tatu, la nne, la tano. Nyani anatikisa kichwa, mguu unamwasha. La sita, la saba. "Kusanya matete kichwani, pa!"

"Nane!" Nyani akaruka juu. "Nimemaliza!"

"Bado, Mzee. Huu una kumi. Yamebaki mawili."

"Nani kakwambia mimi mjinga? Miaka yote nausikia wimbo wa Mnana, makofi manane! Unanichelewesha hapa ili wenzio wauhamishe mtama. Ondoka!"

"Mzee, nakusihi, mawili tu..."

Alikuwa keshatimua mbio.

Akaburura mifuko yake, akaikusanya, akaikalia. Akasuka. Mikono yake mirefu, kazi ikaenda haraka: zunguka, kaza, zunguka, kaza, ukuta ukapanda mpaka mabegani, ukapanda mpaka kichwani. Akakusanya matete juu. Kisha akamalizia kama alivyozoea siku zote: kunja ncha, funga.

Ndani kukawa giza.

"Mlango uko wapi?" sauti ikauliza.

Akasukuma. Kakaka! Kihenge kikakaza. Akasukuma tena. Kakaka! Kikambana mabega. Akageuka. Kakaka! Kikambana mikono, ikawa hawezi hata kujikuna.

"Mama Sange! Mama Sange weee!"

Wanyama wakaja, wakakizunguka. Kanga akasema, "Lo, kazi nzuri. Hakivuji hata pumzi." Pimbi, sasa ametoka chini ya kitanda, akabisha, "Hodi, Mzee! Mbona hufungui?"

"Wimbo wenu mbovu!" Nyani akalia.

"Wimbo mzima," akasema Sange. "Uliuacha njiani. Kofi la tisa: acha tundu la kutokea, pa. Kofi la kumi: toka nje, ndipo ukaze, pa. Nilikusihi, baba yangu."

Tone la kwanza la mvua likaanguka. Pa.

"Nifungueni, mvua hiyo!"

Sange akasogeza pua yake mpaka kwenye matete, akauliza taratibu, "Mzee Nyani. Kilichoanguka chini ni cha nani?"

Matone yakaongezeka.

Pa, pa.

"Cha... cha aliyekidondosha."

"Sijasikia. Upepo unakula maneno."

"Chenu! Chenu wote! Na chini ya mvumo sikai tena! Nifungue, mama!"

Sange akalitafuta lile fundo la mwisho kwa meno yake madogo. Kata, kata, kata. Kihenge kikafumuka puuu! Nyani akatoka kinyumenyume, makalio kwanza, matete yamembana yamemparura, akapotea msituni bila kuaga. Na mtama ukamwagika chini, mwingi, mwekundu. Wote wakazoa, kila mtu chake, wakakimbilia ndani.

Sange alimimina lile fungu la nne katika kihenge chake. Akasikiliza. Nje mvua ikashuka yote kwa pamoja. Ndani hakikuvuja kitu. Akapumua, watoto nao wakapumua, na yule mdogo akalala palepale, kichwa kimeegemea matete.

Na funzo la ngano hii, wajukuu zangu, ni hili: mtu akikufundisha jambo, usimsikilize mpaka mwisho. Mwache njiani, kimbia. Utapata nyumba imara isiyo na mlango, wala hakuna mgeni atakayekusumbua.

Sasa mniitikie fungua.

Fundo!

Fungua!

Nyani alirithi makalio yasiyo na manyoya, ndiyo hayo mnayoyaona anapowapa mgongo. Pimbi alirithi kujificha ngurumo zikilia. Mnana alirithi mvumo usio na mtu chini yake, kila ajaye anaimbiwa mwenyewe, na nyumba anayoisuka mpaka leo huiachia tundu la kutokea. Sange alirithi pua isiyotulia. Watoto wake walirithi mafungu manne, kila mmoja lake.

Nanyi mmerithi ngano. Kawapeni wenzenu, ni ya wote. Ila asitoke mtu hapo mlangoni kwanza. Pigeni makofi, nihesabu.