Kugongeana Kuta Asubuhi ya Sakitu

Mfano huu aliusimulia kwanza shangazi yetu, Tulalumba Sanga, Juni 1974, katika ibada ya akina mama kwetu Makete. Nausema kama alivyousema yeye.

Kulikuwa na mama mjane, mwenye mikono ya kulima pareto. Jirani yake alikuwa kijana aliyejenga nyumba ya kwanza ya matofali kitongojini. Wazee mnakumbuka miaka ile: Mei yote tulipanga kuni upenuni, na jioni viazi vilichemka huku moshi ukipenya nyasi za paa. Palikuwa pia na desturi ya kugongeana kuta. Asubuhi ya sakitu, umande ukiwa umeganda na mashamba yakiwa meupe, aliyetangulia kuamka aligonga ukuta wa jirani, na hakuondoka mpaka aitikiwe, ajue baridi haijaua mtu.

Kijana akaichoka desturi hiyo.

"Mama, usitugongee tena. Hii si nyumba ya udongo. Ina vioo. Baridi itapita wapi?"

"Haya, baba. Nitagonga hata hivyo."

"Utanivunjia nyumba!"

"Nyumba ya kuvunjwa na kiganja cha bibi kizee, umeijenga ya nini?"

Mke wa kijana akaangua kicheko. Mwenyewe akafunga mlango.

Julai baridi ikazidi. Jioni moja kijana akaziba kila ufa kwa matambara, akaingiza jiko la mkaa chumbani, wakalala: yeye, mkewe na mtoto wao wa miezi minne. Ndugu zangu, hewa mbaya ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu.

Kulipokucha mama akagonga. Kimya. Akagonga tena, akawaita kwa majina. Kimya. Je, angekwenda zake? Si alikatazwa? Akachukua gogo la kuni, akavunja kioo, akaingia kupitia dirishani, akawatoa nje mmoja mmoja na kuwalaza juu ya sakitu. Mtoto alimtoa kwanza.

Kijana alipofumbua macho, mnadhani alisema nini?

"Nani amevunja kioo changu?"

"Mimi. Ukipata nguvu, inuka unipige."

Tulicheka sana siku ile. Shangazi akangoja tunyamaze, kisha akasema: kijana huyo ni sisi. Mungu anamtuma mtu atuokoe, nasi tunamdai kioo.

Basi Julai inakuja. Pangeni kuni mapema, wafunikeni wazee na watoto. Jiko la mkaa lilale nje, hata kama baridi inauma. Na asubuhi, wewe unayenisikiliza, utagonga ukuta wa nani? Na ukigongewa wewe, utaitikia kwa shukrani, au utafoka?

Mama yule alifariki mwaka 1981. Kijana alifariki mwaka 2006. Mkewe yu hai, ingawa hatembei tena. Mtoto yu hai, na ana wajukuu watatu.