Piteni Upande wa Juu

Bwana mmoja, jina lake Asajile, alikuwa na nyumba na shamba ng'ambo ya kijito, na barabara ilikuwa upande wa huku. Kati yake na barabara palikuwa na daraja la magogo, na mvua za mwaka ule zikalibeba. Msimcheke. Hata nyie mna ng'ambo yenu, na mna kitu cha kuvukia, sema hamjakikagua.

Daraja la shamba halihitaji mhandisi. Linahitaji magogo manne yaliyokomaa, na mtu mwenye subira ya kuyabandua magome na kuyaacha yakauke. Gogo lenye gome hushika maji, na wadudu hukaa humo kama wamepangishwa. Kisha unaligonga kwa mgongo wa shoka, sikio karibu. Gogo zima hujibu kavu, kwa sauti ya juu. Lililooza ndani hujibu kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa jambo akiwa na chakula mdomoni. Mimi darasa la sita niliwaachia wenye nalo, lakini nipeni shoka na gogo, muone kama kuna msomi wa kunifundisha.

Asajile alijua kugonga kuliko hata mimi, na mnajua kwangu si jambo dogo kukiri hilo. Kiangazi kile alikata miti mitatu ya milingoti aliyoachiwa na baba yake, akaibandua, akaianika wiki sita. Wa nne haukuwapo. Mawingu yalishaanza kukaa mlimani. Nyuma ya banda la jirani palikuwa na gogo lililolala miaka, refu, limenyooka, gome lake zuri la kupendeza. Jirani akamwambia alichukue, linamzibia njia. Asajile akaligonga mara moja. Likajibu kama mtu mwenye chakula mdomoni. Hakuligonga mara ya pili.

Akalilaza upande wa chini, kule maji yanakoelekea. Juu ya magogo yote manne akatandaza matawi, kisha udongo, kisha mabonge yenye majani, kama tunavyofanya sote ili ng'ombe wasione maji wakagoma kupita. Majani yakashika. Daraja likawa kijani. Watu wakaja, wakalikanyaga kwa visigino, wakasema hili sasa ndilo daraja. Kilichokuwa chini ya kijani kile alikijua yeye peke yake.

Hapo taabu yake ikaanza. Mkewe, Subilaga, alivuka kila asubuhi kupeleka maziwa barabarani, ndoo kichwani, mtoto wao Tusa amemshika kanga, na mimba ya pili ikiwa bado changa. Asajile akamwambia apite upande wa juu. Alipoulizwa sababu, akasema chini kuna utelezi. Mama mkwe wake alipokuja Jumapili, sababu ikawa siafu. Watoto wa jirani aliwaambia ni nyoka. Mtu akiwa anavuka, yeye huacha jembe akasimama kuhesabu hatua. Zilikuwa saba. Hatua ya nne na ya tano alikuwa havuti pumzi. Na kila mwezi mke alizidi uzito, na gogo lilizidi wepesi.

Watu nao hawakawii. Walipoona mwenye daraja anasisitiza juu, juu, wakaanza kusema upande wa juu una baraka. Alikuwapo mtu mzima na ndevu zake aliyemgombeza mwanawe kwa kupita chini, na akiulizwa kwa nini, anakukodolea macho kama wewe ndiye mshamba. Asajile aliyasikia yote hayo akanyamaza, maana baraka ilimsaidia kuliko siafu. Maneno mengi aliyatunga. Moja tu hakulisema, na ndilo lilikuwa fupi kuliko yote: gogo lile ni bovu, nisaidieni tulitoe.

Ikafika siku ya dada yake kuletewa ng'ombe wa mahari. Subilaga na mama yake walitangulia barabarani kupokea ugeni. Wakaja watu kama thelathini, wanawake wameshikana mikono wanaimba, wameijaza njia yote kwa upana, ng'ombe watatu nyuma yao, na mbele kabisa Subilaga na tumbo lake. Asajile akavuka mbio akiwa na koti lake la kanisani, akasimama mdomoni mwa daraja, akaomba wapite mmoja mmoja, upande wa juu. Wakacheka. Mshenga akasema huyu shemeji anataka kutuhesabu kama kuku. Walikuwa hatua kumi kutoka darajani, kisha sita, na wimbo unazidi kupanda. Subilaga akasimama mbele ya mumewe. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na mtu yule alikuwa anatoka jasho. Akamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba Tusa, miezi minane napita hapa na mtoto wako tumboni. Mimi na yeye tunakanyaga nini?"

Asajile alichukua jembe lililoegemea mgomba, akaanza kuparua majani upande wa chini mbele ya wakwe wote. Alipofika kwenye gogo, jembe halikugonga mti. Lilizama. Akavuta, na gogo likaja vipande vipande, laini kama muhogo uliovundikwa, likaangukia majini bila hata kishindo. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Mama mkwe, ambaye hakupenda kuelekezwa pa kupita, na kila Jumapili alikatiza chini makusudi, aliketi pale pale kwenye majani, akashika magoti yake yote mawili kama anayehakikisha bado yapo.

Hakuna aliyemshika Asajile shati. Wanaume walivua makoti. Gogo kavu likapatikana nyumba ya tatu kutoka barabarani, kwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. Wakaligonga wote kwa zamu, hata mshenga, na kila mmoja akainamisha sikio. Kulibeba, kulilaza na kulifukia kukachukua saa mbili, na ng'ombe wa mahari walikuwa wanakula majani wakisubiri. Kazi ya saa mbili, Asajile alikuwa ameiogopa miezi minane.

Sasa nyie mnaonitazama kana kwamba habari hii ni ya Asajile peke yake: kwenu anayevuka kila asubuhi ni nani, na mmemwambia mara ngapi apite upande wa juu?