Samaki Alioachiwa Shemeji

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nimekuja na hasira, na nasema mapema ili mtu asije akadhani naumwa.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mjamzito, aliyefuga perege katika tangi juu ya paa la nyumba yake. Maji yaliteremka kutoka kwenye tangi hadi kwenye pipa la kuchujia pale uani, kisha pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Samaki hao ndio waliowalisha watoto wake. Siku za kujifungua zilipokaribia akalazwa hospitali, na samaki akamwachia shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Pampu ikaungua. Yule bwana akaenda dukani, na muuzaji akamuuliza maji yanapanda urefu gani na bomba lina upana gani. Bwana akachukia kuulizwa maswali. Akanyoosha kidole kwenye boksi lililoandikwa lita nyingi kuliko mengine yote.

"Hiyo namba, mzee, ni ya pampu ikiwa chini, haijapandisha maji popote," muuzaji akamwambia. "Ukiifungia bomba jembamba, hizo lita huzioni."

"Nipe hiyo hiyo."

Akaenda nayo nyumbani. Mdomo wa pampu mpya ulikuwa mpana, bomba la zamani likakataa kuingia. Alihitaji kiungio tu, lakini arudi dukani akaulizwe tena? Hataki. Akachukua mpira mwembamba wa kumwagilia maua, akaulazimisha kwa raba na waya, akawasha. Jamani, ile pampu ilinguruma! Majirani wakachungulia juu ya ukuta na kumpa hongera. Naye akaweka kiti karibu nayo, akakaa.

Na huko juu, je? Alipanda mara moja. Akakuta maji yanatoka membamba kama chai ya birika, na samaki wamejazana juu, midomo wazi. Mnajua alisema nini? Wana njaa hawa. Akawamwagia chakula, kikaozea humo humo. Samaki wanatafuta pumzi, yeye anawapa pumba!

Yule mama akapiga simu kutoka wodini. "Shemeji, maji yanapanda?"

"Sikiliza mwenyewe," bwana akajibu, akaisogeza simu kwenye pampu.

Mama akausikia ule mngurumo, akashukuru, akalala na moyo mweupe. Aliporudi na kichanga mikononi alipanda ngazi kabla hata ya kuingia ndani, akakuta samaki wote wanaelea tumbo juu. Akashuka. Shemeji bado yuko kwenye kiti chake, pampu bado inanguruma.

"Nilikuuliza maji," akamwambia, "ukanisikilizisha mashine."

Naona mnatikisa vichwa. Mnamlaumu nani? Sisi mwaka huu tumenunua nini hapa kanisani? Spika. Tena kubwa, za kusikika hadi sokoni. Tunajipima humu ndani, sakafuni, ambapo hakuna cha kupandisha popote, na humu ndani kila mtu ana lita nyingi. Tunaimba, tunalia machozi, tunainua mikono. Lakini kutoka mlango ule hadi kwa jirani tumefunga mpira wa maua! Na mtu akithubutu kuuliza kama upendo wetu unafika, tunamwongezea sauti. Inanichukiza. Nasema wazi, inanichukiza.

Jumanne tulimzika bibi wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mlikuja wengi, mkavaa vizuri. Mjukuu wake akaniambia baada ya maziko kwamba bibi hakuwa anakosa ibada. Kitandani hakuweza kuinuka, lakini spika zetu zilimfikia, na kila Jumapili alikuwa akiitikia pambio akiwa amelala. Sauti yetu ilimfikia, ndugu zangu. Uji haukumfikia. Bibi yule alikufa kwa njaa huku akiitikia nyimbo zetu.

Wimbo wa kufunga ibada leo hatuimbi. Mzee aliyepakana ukuta na bibi yule naye hajiwezi, na hajala tangu jana, nimetoka kwake sasa hivi. Akina mama, jiko la kanisa liko wazi. Akina baba, kuni mnajua zilipo.