Jiwe Kwenye Uzi wa Anyelwisye

Kofia hufumuliwa, mkunjo haufumuliwi.

Maneno hayo aliyasema Bibi Tusekile siku niliyopeleka skafu ya dada yangu kwenye kikundi chetu cha kufuma. Sisi kikundini hatutumii uzi wa nailoni. Tunasokota sufu ya kondoo wetu, na sufu ikipungua tunafumua masweta ya mitumba, tunaosha uzi, tunaunyoosha, tunafuma upya. Wageni wanaokuja kuangalia maua ya Kitulo wanapenda kofia na skafu za namna hiyo, wanasema uzi wake hauichoshi ardhi. Wiki ile uzi ulituishia kabisa. Nikakumbuka skafu ya sufu ya dada yangu Ipyana, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Simu yake ina mwaka na miezi mitatu haipatikani. Nikaiweka skafu mapajani, nikashika mkasi, nikakaa hivyo hivyo.

"Mbona hukati?" Bibi akauliza.

"Naogopa, Bibi. Nikiifumua ni kama nimesema harudi."

Ndipo akasema maneno yale. Sekela, tunayekaa naye benchi moja, akamwambia, "Bibi, hiyo methali sisi shuleni hatukufundishwa." Bibi akajibu kwamba shule yenyewe imeikuta methali hapa kijijini. Tukamwomba atuambie ilikotoka. Hakuinua macho, alikuwa anachambua sufu na kutoa vijiti vilivyonasa. Akasema ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ndio huu.

Zamani, kabla gari halijafika huku juu, kila nyumba ilikuwa na kondoo, na sufu ilikuwa kitu cha kurithiwa. Nguo ya sufu ya mtu aliye hai haikufumuliwa. Ikitoboka ilizibwa, ikitoboka tena ikazibwa tena. Lakini mtu akifariki, hakuzikwa na sufu hata kidogo. Wanawake wa nyumba walifumua kofia yake na shali lake, wakaosha uzi, wakauning'iniza uani wakiwa wamefunga jiwe ncha ya chini. Uzi uliofumuliwa hujikunja kunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko. Jiwe huuvuta mpaka ukauke umenyooka. Ukishanyooka hauna mwenyewe tena, na hapo walifumiwa watoto wa nyumba ile. Na kwa mtu aliyefia mbali, asiye na kaburi la kuonyeshwa, jiwe lile ndilo lililotangaza msiba. Mpita njia akiliona, aliingia kutoa pole bila kuuliza.

Siku hizo palikuwa na mwanamke anaitwa Subilaga. Mume wake, Anyelwisye, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama wanaume wengi walivyokwenda. Subilaga alikuwa amemfumia kofia ya sufu nyeusi, sufu ya kondoo jike mmoja tu, haikutiwa rangi yoyote. Akamsindikiza mpaka pale njia inapopinda kushuka bondeni. Anyelwisye akavua kofia akampa.

"Wanasema huko jua linachemsha ubongo," akasema. "Kichwa nakwenda nacho, kofia baki nayo wewe. Vitu hivi viwili havijazoea kuachana, utaona nitakavyorudi mbio."

Subilaga akacheka. Aliitundika kofia kwenye msumari juu ya kitanda.

Mwaka wa tatu ikaja barua, akasomewa na mwalimu wa kanisani. Ilisema mvua zikiisha atakuja. Mvua zikaisha, zikaanza nyingine. Wanaume waliorudi kutoka Tanga aliwauliza mmoja mmoja. Huyu alisema alimwona Korogwe, yule alisema amehamia shamba lingine, wa tatu alisema hajui. Miaka ikafika kumi na minne. Kila mwezi Subilaga alishusha kofia akaikung'uta isiingie nondo, akairudisha. Alikuwa anafanya hivyo hata siku ambazo hakutaka kumkumbuka mtu. Nyumbani alikaa na mama mkwe wake, Bibi Tumwitike, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuzimika, na binti yake mmoja, Bupe.

Bupe akaolewa jirani, na kwa mimba yake ya kwanza akarudi kwa mama yake kujifungua. Alijifungua mwezi wa sita. Mnaujua mwezi wa sita wa huku. Asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya majani kama unga uliomwagika, na ukungu hauondoki mpaka saa tano. Kichanga kikaanza kukohoa siku ya nne.

Kondoo wa Subilaga walikuwa wamekufa wote kwa homa mwaka uliotangulia. Majirani wachache walikuwa nao, lakini nani atanyoa kondoo mwezi wa sita? Ukimnyoa leo, kesho unamla, na utamla ukilia. Manyoya hunyolewa jua likirudi. Mkwe wa Bupe akaleta kofia ya uzi wa dukani, uzi wa nailoni, mwekundu unaong'aa. Wakamvika mtoto. Ukungu ulipoingia ndani kofia ikalowa, na ilipolowa ikawa baridi kama jani la mgomba. Usiku ule mtoto alikohoa mpaka akawa wa bluu midomoni.

Asubuhi Bibi Tumwitike alimshika kitukuu wake kichwa, akakikuta baridi. Subilaga akamtazama. Kisha akatazama msumari.

Alikaa mlangoni na ile kofia mapajani mpaka jua likaonekana. Alikuwa anajua tundu moja upande wa kushoto, alipoacha jicho moja la uzi likaponyoka jioni ile Anyelwisye alipomwambia ameandikisha jina lake kwenda Tanga. Akaanza kufumua kutoka juu. Ilifumuka upesi, kwa sababu kitu kilichofumwa vizuri hakikatai kufumuka. Akaukunja uzi, akauosha kwa maji ya moto na majivu, akautundika kwenye kamba uani. Halafu mikono yake, ambayo ilikuwa imefumua vya baba yake, vya mama yake na vya mashemeji wawili, ikafanya ilivyozoea. Ikachukua jiwe, ikalifunga kwenye ncha. Yeye mwenyewe mawazo yalikuwa kwa mtoto. Akachukua mtungi, akateremka kisimani.

Alipokuwa anapanda kurudi akasikia vilio. Akadhani ni mtoto. Akakimbia mpaka maji yakamwagika yakamlowesha mgongo. Alipofika, ua ulikuwa umejaa wanawake. Wamejifunga vitambaa viunoni, wana kuni, wana unga kwenye vikapu. Mbele yao Mama Lugano, jirani yake wa karibu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Nani amekufa?" Subilaga akauliza.

"Unatuuliza sisi?" Mama Lugano akasema. "Jiwe si lako hilo? Umetuficha msiba, mama Bupe. Hata mimi ninayeazima moto kwako kila siku, nije nione jiwe kutoka njiani kama mgeni?"

Subilaga akageuka akaona. Uzi mweusi umevutwa chini, umenyooka, unadondosha maji polepole. Akakaa chini.

"Sijapata habari yoyote," akasema. "Mtoto anakohoa. Nilitaka sufu tu."

Mama Lugano akaweka mzigo wake wa kuni, akaja akachuchumaa karibu naye, na safari hii sauti akaishusha.

"Sikiliza, ndugu yangu. Miaka kumi na minne. Wenzako walio na makaburi walikwisha kulia wakanyamaza, wewe unakung'uta kofia. Sisi tumeshafika, kuni hizi hapa. Lia nasi leo. Tutakaa siku tatu, tutapika, tutakunyoa nywele, halafu utalala usingizi kama watu wengine."

Baadaye Subilaga alikuwa akisema kwamba hapo alikaribia kabisa kulia. Siyo kwamba aliamini Anyelwisye amekufa. Alikuwa amechoka. Kungoja kuna uzito ambao hakuna mtu wa kukupokea, na hapa wamekuja watu ishirini kumpokea. Angefungua mdomo tu, basi, ingekwisha.

Bibi Tumwitike akatoka ndani akipapasa ukuta.

"Nipelekeni kwenye uzi," akasema.

Wakampeleka. Akaushika juu karibu na kamba, akateremsha vidole taratibu mpaka kwenye jiwe. Hapo vikasimama.

"Nani amemnyoosha mwanangu?"

"Ni mimi, mama," Subilaga akasema. "Mikono tu, mama. Sikukusudia."

"Unajua kitu nisichokijua mimi niliyemzaa?"

"Sijui kitu."

"Basi fungua jiwe, mkwe wangu. Hujui, na mimi sijui. Jiwe ni la wanaojua."

Fundo lilikuwa limelowa, limekaza. Subilaga akapiga magoti akalifungua kwa meno. Jiwe likaanguka kwenye tope. Na uzi, mbele ya macho ya watu wote, ukapanda. Ukajivuta juu, ukajikunja kunja, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejikunyata akumbuke alivyokuwa amelala. Haukuwa umekauka, kwa hiyo jiwe lilikuwa halijaushinda.

Bibi Tumwitike akaweka kiganja chini yake, ukamjaa mkononi.

"Haya, shikeni," akawaambia wanawake. "Mmoja mmoja njooni mshike. Kofia imekwisha, si ndiyo? Haipo. Lakini uzi bado unajua ulizunguka kichwa gani. Kofia hufumuliwa, mkunjo haufumuliwi." Kisha akageuza uso upande aliposikia pumzi ya Mama Lugano. "Na wewe usihangaike kurudisha kuni. Mtoto ana baridi. Unga pia uacheni."

Kuna waliocheka na kitambaa cha msiba kiunoni.

Subilaga alifuma siku ile ile, uzi ukiwa bado na unyevu na mikunjo yake yote. Uzi wa hivyo ni mgumu kufuma, kila jicho linakwenda linakotaka. Ikatoka kofia ya manundu manundu. Mama Lugano akasema hajaona kofia mbaya hivyo, ila mtoto mwenyewe hana kioo. Lakini sufu hata ikilowa haiachi joto lake. Mtoto alilala usiku kucha kichwa kikiwa na vuguvugu, na pareto ilipoanza kuchanua kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Ndipo desturi ikaongezeka moja. Vya marehemu hufumuliwa na kufungwa jiwe kama zamani. Vya aliye mbali, asiyejulikana yuko wapi, nyumba ikivihitaji hufumuliwa, lakini uzi wake haufungwi jiwe. Hufumwa na mikunjo yake.

Bibi Tusekile aliponyamaza, Sekela akauliza, "Na Anyelwisye alirudi?"

Bibi akavua kofia yake. Ile nyeusi anayovaa kila siku, tuliyozoea kumtania kwamba inafanana na kiota. Akanipa mimi.

"Hakurudi," akasema. "Wala habari ya kifo haikuja. Kile kichanga ni mimi. Kofia ilipokuwa ndogo kwangu mama yangu Bupe aliifumua akamfumia mdogo wangu, na mimi nikawafumia wanangu, sasa ndiyo hii yangu, na kila mara tunaongeza sufu nyingine kidogo maana ya kwanza inaisha. Bibi yangu Subilaga alipofariki tulifumua shali lake, tukaosha uzi, tukafunga jiwe, watu wakaja. Wa babu haujafungwa jiwe mpaka leo."

Nikaipapasa ile kofia. Karibu na ukingo kulikuwa na mistari michache yenye uzi uliochakaa zaidi, na vidole vyangu viliisikia mikunjo kabla sijaiona.

Nikakata ncha ya skafu ya Ipyana, nikaanza kufumua. Sikuifumua haraka. Sekela alinisaidia kuosha, na alipomaliza akaniletea chupa yenye mchanga tunayotumia siku hizi badala ya jiwe. Akaitazama, akaenda kuirudisha mwenyewe.

Kofia niliyoifuma haikuingia kwenye kapu la wageni. Nilimpelekea mama nyumbani, jioni, akiwa amekaa na simu mapajani kama kawaida yake. Nikamvika bila kusema. Akainua mkono akaipapasa, mbele, pembeni, akafika kisogoni akasimama hapo.

"Huu uzi naujua," akasema. "Umefumua skafu ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Umeufunga chupa?"

"Sikuufunga."

Hakuvua. Aliendelea kuipapasa, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka chai ikapoa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, siyo kwangu, kwamba kofia hufumuliwa, mkunjo haufumuliwi.