Neno Halirudiwi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika wachache. Paukwa, narudia. Na mara ya tatu, kwa ajili ya yule anayesinzia karibu na moto: paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule na kamati ya shule, Mama Sikudhani, mke wa Nungunungu, alikaa mlangoni akifunga mafundo kwenye kamba ya katani. Alifunga fundo gumu. Akafunga la pili, akalichoma mwiba aliouchomoa mgongoni mwake. Kisha akafunga kitanzi. Nungunungu akapita na jembe, akacheka.

"Mama Sikudhani, unatega panya?"

"Namfundisha mwanao njia ya kisimani."

"Kwa kamba?"

"Kwa vidole. Neno la mdomo humpita, la vidoleni hukaa. Wewe nenda ukalime."

Akaenda akalima. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Jioni homa ilimlaza mkewe. Siku ya tatu wakamzika.

Matanga yalipoanuliwa, Nungunungu alitafuta kitu cha kufungia uzio wa mihogo, maana Ngiri alikuwa haachi kuzurura. Akaiona ile kamba. Akachomoa mwiba, akafungua kitanzi, akafungua mafundo, akafunga uzio. Siku zile alifanya kazi ili asiwaze.

Sasa, mwalimu wa shule ile alikuwa Heroe, ndege wa miguu mirefu, aliyesimama kwa mguu mmoja ili watu wajue kwamba amesoma. Sheria yake ilikuwa moja: neno halirudiwi. Aliyelipata amelipata, na asiyelipata alikalishwa juu ya jiwe la wajinga, juani. Kila asubuhi alisema njia ya kisimani: "Kichuguu kushoto, mgunga kulia, kisima mbele." Mtoto asiyeweza kuisema hakubaki shuleni, wala hakwenda kuteka maji na wenzake.

Kabla ya msiba, Sikudhani, mtoto wa Nungunungu, aliweza. Baada ya msiba alisema, "Kichuguu," kisha vidole vyake vikapapasa hewa. Akaomba arudiwe. Siku ya kwanza, jiwe. Siku ya pili, jiwe. Siku ya tatu, kamati ikaitwa.

Nungunungu alikaa nyuma, uso ukimwaka. Asubuhi ile yeye mwenyewe alikuwa amemwambia mtoto, "Unaniaibisha." Mbele walikaa wataalamu.

"Ni uvivu," alisema Kanga. "Mimi nina watoto kumi na wanane, wote husema kwa pamoja, na sijawahi kusikia aliyekosea."

"Amerogwa," alisema Kima. "Na aliyemroga namjua, ila sitamtaja, ni shemeji yangu."

Mwenyekiti Ngiri akameza alichokuwa akitafuna. "Mama yake alipokuwa na mimba alimcheka konokono. Mambo haya yana chanzo."

Nungunungu akageuza macho asiwatazame. Akamwona mwanawe juu ya jiwe. Vidole vya mtoto vilikuwa vikitembea peke yake: vikabana, vikagusa polepole kama vinavyoogopa kuchomwa, vikazunguka duara. Vikabana, vikagusa, vikazunguka. Fundo, mwiba, kitanzi. Hapo ndipo Nungunungu alipojua alichofungia mihogo yake.

Mwalimu Heroe akasoma azimio. "Mtoto huyu ataisema njia kesho asubuhi. Akishindwa, aondoke."

"Mwalimu, rudia hapo," alisema Ngiri. "Nilikuwa natafuna."

Akarudia.

"Kesho au keshokutwa?" aliuliza Kanga.

Akarudia.

"Samahani," alisema Kima, "tunamzungumzia mtoto yupi?"

Akarudia.

Nungunungu akasimama. "Waheshimiwa, mwanangu aliomba arudiwe mara moja, akapewa jiwe. Ninyi mmerudiwa mara tatu. Jiwe ni moja. Mtalikalia kwa zamu, au mtabanana?"

Kima alicheka, kisha akakumbuka kwamba na yeye ni kamati.

"Baba Sikudhani, una msiba, tunakusamehe," alisema Ngiri. "Lakini mtoto huyu si kama wengine."

"Si kama wengine. Ni mzito wa kushika, na huenda akawa hivyo mpaka azeeke. Sikuja kuwaambia kwamba ana akili nyingine iliyofichwa mahali. Mama yake alikuwa na namna ya kumfundisha, na aliyeivunja namna hiyo ni mimi."

"Rudia," alisema Kanga.

Hakurudia.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, alikwenda shambani akafungua kamba. Uzio ukalala chini. Ngiri, ambaye kwa bahati alikuwa anapita, akasimama.

"Baba Sikudhani, uzio wako umeanguka."

"Nimeuona."

"Na mihogo?"

"Karibu."

Hilo Ngiri hakuhitaji kurudiwa.

Nungunungu akakaa mlangoni na mwanawe. Akafunga fundo, Sikudhani akalipapasa, akatikisa kichwa. Akalifungua, akafunga jingine, mtoto akatikisa kichwa. La tatu akalikubali. Kwa fundo la pili Nungunungu alichomoa mwiba mgongoni mwake, na uliuma.

"Wa mama ulikuwa mrefu," alisema Sikudhani.

"Najua, mwanangu."

Kisha akafunga kitanzi. Wakaenda shuleni, na kabla hajaagizwa, Nungunungu akakaa juu ya jiwe, akampakata mtoto. Mwalimu Heroe akaisema njia mara moja. Nungunungu akaisema mara ya pili. Akaisema mara ya tatu, vidole vidogo vikitembea juu ya kamba.

"Kichuguu kushoto," alisema Sikudhani. Akaufikia mwiba. "Mgunga kulia." Akafika kwenye kitanzi, akakizunguka, akakizunguka tena. Darasa likaanza kunong'ona. Mwalimu Heroe akachoka, akabadilisha mguu.

"Tunangoja nini?" aliuliza.

"Tunamngoja yeye," alisema Nungunungu.

Wakangoja.

"Kisima mbele," alisema Sikudhani.

"Sawa," alisema Mwalimu. "Lakini amechelewa."

"Amefika," alisema Nungunungu, naye hakuondoka kwenye jiwe mpaka somo lilipokwisha.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Asiyeisikia vizuri aseme, nitarudia.