Ngwe ya Hatua Kumi

Ngano yangu inabisha hodi.
— Karibu, ipite ndani.
Masikio mnayo?
— Tunayo, na tumeyafungua.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi, manyunyu yakiwa yamekatika na udongo ungali laini, Ngiri alishika jembe katika shamba la mzee Nyati.

Kila mfanyakazi hulima ngwe, yaani kipande cha kazi ya siku moja. Ngiri alipoajiriwa, aliahidiwa mbele ya mashahidi kwamba ngwe ni hatua kumi kwa kumi, zikipimwa na msimamizi. Msimamizi siku hiyo alikuwa Digidigi. Anayeshindwa kumaliza ngwe siku tatu, hufukuzwa, yeye na watoto wake, kutoka katika shimo alilopewa kuishi shambani.

Sasa Digidigi alikuwa amestaafu, na msimamizi alikuwa Mbuni. Mbuni akapima: hatua kumi huku, hatua kumi kule. Ngiri akalima mpaka jua likatua, asimalize.

"Siku ya kwanza," akasema Mbuni.

Jumanne Ngiri akamwendea. "Bwana msimamizi, ngwe imekua."

"Kumi ni kumi, mama. Au hesabu ilikupita?"

Ngiri akalima mpaka jua likatua, asimalize.

"Siku ya pili," akasema Mbuni.

Jioni hiyo Ngiri akamwendea Kanga, mfanyakazi mwenzake.

"Ningekuwa wewe, dada, ningelitupa jembe na kwenda zangu."

"Mbona lako hujalitupa?"

"Mimi nina vifaranga."

Kisha akamwendea Kinyonga. Wafanyakazi walikuwa wamemchagua awasemee, kwa kuwa jicho lake moja humtazama mwajiri na la pili humtazama mwajiriwa.

"Jembe usilitupe," akasema Kinyonga. "Ukilitupa, watasema umeacha kazi mwenyewe. Mlikubaliana nini? Nani alishuhudia? Nani alipima zamani, na nani anapima sasa?"

Ngiri akajibu moja baada ya jingine.

"Basi kesho, kabla hujalima, twende kwa mzee pamoja."

Jumatano asubuhi wakasimama mbele ya Nyati. Mbuni naye akaitwa.

"Mzee, kumi ni kumi," akasema Mbuni.

"Kama ndivyo," akasema Kinyonga, "leo nipime mimi."

Akanyanyua mguu, akayumba, akaushusha. Akanyanyua wa pili, akayumba, akaushusha. Wakangoja. Alipotimiza hatua kumi, hakuwa amefika mbali zaidi ya urefu wa mkia wa Nyati.

"Hii ni ngwe," akauliza Nyati, "au kitambaa cha kufutia jasho?"

"Hatua ni kumi, mzee."

"Lakini kwa miguu ya nani?"

"Hilo ndilo lalamiko la Ngiri."

Nyati akaagiza Digidigi aitwe, apige hatua kumi kama siku ile ya ahadi. Zikapimwa kwa fimbo, na fimbo ikatundikwa ghalani, ili miguu ya msimamizi isiwe kipimo tena. Zile siku mbili zikafutwa. Ngiri akalima, akamaliza kabla ya adhuhuri, akarudi shimoni kwa watoto wake.

Nanyi mlionisikiliza, jueni hili: aliyedhulumiwa kazini asiache kazi kwa hasira, wala asinung'unike pembeni. Akumbuke ahadi, ataje mashahidi, na amtafute wa kusimama naye.

Ngano yangu imeaga, nami narudishia mlango. Mkiulizwa ngwe ya shamba lile ni kiasi gani, semeni: kila upande, fimbo saba.